Barua ya wazi: Damu yetu ilikwisha kujibu, majibu hayajafika zahanati

Kwa waheshimiwa wote mnaosimamia afya, mifugo na utafiti wa tiba, kuanzia wizarani hadi ofisi ya mkoa wa Kilimanjaro na halmashauri zake.

YAH: KURUDISHA MAJIBU YA UTAFITI WA HOMA KWA WANANCHI WALIOTOA DAMU

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa baiolojia, mkazi wa Uru, juu kidogo ya mji wa Moshi. Nimefundisha sekondari kwa miaka 31, na kwa sababu hiyo naweza kusoma ripoti ya kisayansi iliyoandikwa kwa Kiingereza, polepole, huku kamusi ikiwa pembeni. Majirani zangu wengi hawawezi, na wala si kosa lao. Ninawaandikia hadharani kwa sababu jambo nililo nalo haliihusu ofisi moja ambayo ningeweza kwenda kugonga mlango wake, na kwa sababu kila ofisi niliyowahi kuuliza ilinielekeza kwenye ofisi nyingine, kwa upole na heshima zote.

Mwezi Julai, miaka minne iliyopita, vijana watatu walifika nyumbani kwa mama yangu mzazi wakiwa na gari jeupe, barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji na kasha la kubebea barafu. Walimwamkia vizuri, wakakaa kwenye benchi nje ya jiko, wakamsomea fomu ya ridhaa kwa Kiswahili kizuri kabisa, naye akaweka dole gumba kwa kuwa macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Walimuuliza kama anachemsha maziwa, kama mbuzi wake hulala ndani ya nyumba, kama amewahi kusaidia mnyama kuzaa. Kisha wakamtoa damu mkononi, wakaenda bandani wakawatoa mbuzi damu shingoni. Mama alipewa kadi ndogo yenye namba 41. Mbuzi wa kwanza alikuwa namba 42. Mama alicheka sana siku ile, akasema sasa yeye na mbuzi wake ni darasa moja. Waliahidi kwamba majibu yatarudi kijijini utafiti utakapokamilika, wakamwachia sabuni mbili na fedha kidogo ya usumbufu, wakaondoka. Taasisi iliyowatuma siitaji, kwa maana sikusudii kumshitaki mtu. Vijana wale walifanya kazi yao kwa adabu, na huenda hata wao hawajui damu ile iliishia wapi.

Februari mwaka jana mbuzi mmoja wa boma hilohilo alitupa mimba. Mdogo wangu, ambaye ndiye anayemsaidia mama kuhudumia mifugo, alimvuta mtoto aliyekufa kwa mikono mitupu, akanawa kwa maji na majivu, na kondo la nyuma akamtupia mbwa, kama tulivyoona wazee wetu wakifanya tangu utoto. Baada ya wiki kama tatu akaanza kuumwa. Ilikuwa homa ya ajabu: asubuhi mzima, anapalilia migomba, jioni anatetemeka, jasho linalowanisha shuka, kiuno kinauma hata kuinuka kitandani ni kazi. Alikwenda kwenye kituo cha tiba cha jirani, akapimwa, akaambiwa ana malaria mbili na taifodi. Akapewa dawa ya mseto na vidonge vingine. Alipata nafuu siku nne, homa ikarudi. Alikwenda kwingine, akaambiwa ni malaria imejificha, akachomwa sindano siku tano. Homa ikarudi. Mara ya tatu akaambiwa ni mkojo mchafu. Kufikia Juni alikuwa amepungua hata mkanda wa suruali ukaongezwa matundu mawili kwa msumari wa moto, na alikuwa ameuza mbuzi wawili na mikungu ya ndizi isiyo na idadi ili kulipia vipimo na dawa. Ni daktari mmoja tu, kijana aliyekuwa zamu usiku katika hospitali tuliyofikia mwishoni, aliyemuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: "Kaka, unafuga?" Damu ikaoteshwa maabara, na majibu yalipotoka ilikuwa brusela, ugonjwa ambao maafisa mifugo wetu wanauita ugonjwa wa kutupa mimba. Alipewa dozi ya dawa mbili kwa wiki sita, akapona.

Sijui waliowanunua wale mbuzi wawili wamewapeleka wapi, na jambo hilo halinipi usingizi mzuri.

Mdogo wangu alipopona nilianza kusoma, na nilichokisoma ndicho kilichonifanya niandike barua hii. Nilidhani nitakuta kwamba ugonjwa huu ni mgeni, au kwamba wataalamu bado wanautafuta. Nikakuta kwamba swali la homa zetu lilikwisha kujibiwa, tena hapahapa Moshi, kwa damu ya watu wa hapahapa. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti wa Kitanzania wakishirikiana na wenzao wa nje waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za mjini, KCMC na Mawenzi. Madaktari waliowapokea waliandika malaria kwa wagonjwa 528, sawa na asilimia 60.7. Maabara ilipomaliza kazi yake, ambao homa yao ilitokana kweli na malaria walikuwa 14. Naomba mrudie kuisoma namba hiyo, kwa maana mimi niliirudia mara tatu nikidhani nimeruka tarakimu: 14 kati ya 870, yaani asilimia 1.6.

Sasa hao wengine waliumwa nini? Wapo waliokuwa na bakteria kwenye mfumo wa damu, wapo waliokuwa na kifua kikuu au fangasi kwenye damu. Lakini kundi lililonishitua ni la magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, ambayo yalikutwa kwa wagonjwa 118, asilimia 26.2 ya waliopimwa magonjwa hayo. Kati yao 40 walikuwa na homa ya mgunda, inayotokana na mikojo ya panya na mifugo. 38 walikuwa na magonjwa ya jamii ya riketsia, ambayo huenezwa na kupe, viroboto na wadudu wa namna hiyo. 24 walikuwa na homa ya Q, inayotoka hasa kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe wanapozaa. Na 16 walikuwa na brusela, kama mdogo wangu. Juu ya hao, 55 walikutwa na chikungunya, inayoenezwa na mbu, ingawa si mbu yule wa malaria. Matokeo haya yalichapishwa mwaka 2013. Mdogo wangu aliambiwa ana malaria mbili mwaka jana.

Wala halikuwa jambo la kushtukiza hata mwaka huo wa 2013. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika hospitali kumi za ukanda wetu wa kaskazini mashariki, ambao ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa 4,474 waliotibiwa malaria kali, walioonekana kuwa na vimelea kwenye darubini ni 2,062 tu, chini ya nusu. Nao utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliikuta Kilimanjaro ikiwa na maambukizi chini ya asilimia 1 kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Tunaposherehekea namba hiyo, na tuna haki ya kuisherehekea kwa sababu ni matunda ya vyandarua, dawa bora na kazi ya miaka mingi, tunapaswa kuuliza swali linalofuata: ikiwa malaria imekuwa adimu kiasi hicho, zile homa zinazojaza mabenchi ya zahanati kila Jumatatu asubuhi ni za nini?

Sitaki nieleweke kwamba ninawalaumu matabibu wa zahanati. Nimekaa nao, wengine niliwafundisha. Tabibu ana kipimo cha haraka cha malaria, ana kipimo cha Widal ambacho kinaweza kusoma chanya hata kwa mtu asiye na taifodi, ana karatasi za kupimia mkojo, na ana foleni ya watu arobaini. Kipimo cha malaria kikisoma hasi, mgonjwa aliyepanda boda kutoka mlimani hawezi kurudishwa nyumbani akiwa ameambiwa tu kwamba hana malaria. Anataka jina la ugonjwa, na tabibu anampa jina katika yale aliyonayo. Mtu hawezi kuandika kwenye cheti ugonjwa ambao hana namna ya kuupima, ambao kabati lake halina dawa yake kwa dozi inayotosha, na ambao labda aliusikia mara moja tu chuoni.

Kuhusu majina, niseme kidogo, kwa kuwa nilikuwa mwalimu na ugonjwa huo wa kufundisha hauponi. Tunaambiwa kwamba magonjwa haya hayajulikani kwa wananchi kwa sababu yana majina magumu ya kigeni. Si kweli kwa yote. Chikungunya ni neno la Kimakonde, la hapa kwetu Tanzania, linaloeleza jinsi mgonjwa anavyokunjika kwa maumivu ya viungo. Ugonjwa huo ulitambuliwa kwa mara ya kwanza duniani katika mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 kwenye nyanda za Wamakonde, kusini. Dunia nzima inautaja kwa lugha ya Newala, na sisi tunauandika malaria. Homa ya mgunda nayo tulilisikia jina lake redioni Julai 2022, wakati watu 20 walipougua na watatu kufariki mkoani Lindi, na taifa likapokea habari ile kama ya ugonjwa uliotokea ghafla kusikojulikana. Mimi mwenyewe niliipokea hivyo. Sikujua kwamba miaka kumi na minne kabla ya siku ile, watu 40 walikuwa wamelazwa kilomita chache kutoka kwangu wakiwa na ugonjwa huohuo, na kwamba jambo hilo lilikuwa limeandikwa, limepitiwa na wataalamu na kuchapishwa.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Utafiti wetu wa afya unapanda kutoka kijijini kwenda maabara, kutoka maabara kwenda kwenye jarida, na kutoka kwenye jarida kwenda kwenye mikutano. Lakini njia ya kushuka haipo, au ipo na imeota majani. Tamko la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia walilipitisha mwaka 1964 na ambalo kamati zetu za maadili hulitaja kila zinapotoa kibali, linasema kwamba washiriki wa utafiti wapewe nafasi ya kujulishwa matokeo yake kwa ujumla. Fomu aliyoiwekea mama yangu dole gumba iliahidi hivyo hivyo. Ahadi hiyo imo ndani ya fomu zote nilizowahi kuonyeshwa. Kinachokosekana ni mtu mwenye jukumu la kuitimiza, fedha iliyotengwa kwa kazi hiyo, na ofisi inayouliza kama imetimizwa.

Mnaweza kuniambia kwamba wananchi hawaelewi sayansi. Mtu yeyote aliyezunguka Meru na pembezoni mwa Arusha anajua kwamba si hivyo. Kule kila mama muuza maharage anajua kwamba meno ya kahawia ya watoto yanatokana na floridi iliyo kwenye maji, anajua visima vipi vina nyingi na vipi vina nafuu, na wengi wamesikia habari za chujio za mkaa wa mifupa zilizotengenezwa katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Hatukuzaliwa na elimu hiyo. Ilitoka kwenye utafiti, ikashuka kwa miaka mingi kupitia walimu, wahandisi wa maji na wauguzi, hadi ikawa maneno ya kisimani. Tatizo la floridi lenyewe halijaisha, lakini hakuna anayepewa dawa ya minyoo kwa ajili ya meno ya kahawia.

Ninaloomba kwanza ni dogo kwa gharama. Kabla kibali cha utafiti wowote wa afya hakijatolewa kwa kazi itakayofanyika katika vijiji vyetu, bajeti yake ioneshe fungu la kurudisha majibu: ukurasa mmoja wa Kiswahili, usio na istilahi za kujionyesha, unaosema tulitafuta nini, tulikuta nini, na nini kibadilike katika nyumba, banda na zahanati. Ukurasa huo ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa zahanati na wa ofisi ya kijiji, usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na ukabidhiwe kwa mganga mfawidhi kwa kusaini. Mtafiti asiyerudisha ukurasa huo asipewe kibali cha utafiti unaofuata. Nimeambiwa kwamba sharti la namna hii litawafukuza wafadhili. Sioni ni mfadhili gani anayeweza kulipa gari, mafuta, barafu, vitendanishi na tiketi za ndege za mikutano, halafu akashindwa kulipia karatasi.

Natenganisha hapa majibu ya jumla na majibu ya mtu mmoja mmoja. Naelewa kwamba vipimo vingine vya utafiti havikuidhinishwa kwa ajili ya kumtibu mgonjwa, kwamba vingine hufanyika nje ya nchi miezi mingi baada ya damu kutolewa, na kwamba si kila chanya ni ugonjwa. Hayo yaelezwe waziwazi siku ya kuchukua damu. Lakini pale ambapo kipimo kimeonyesha ugonjwa unaotibika, kama brusela, mwenye damu atafutwe. Namba ya simu waliichukua, jina la kitongoji waliliandika, na hata bandani kwake walifika.

La pili ni gumu zaidi, na linawahusu ninyi wenye dhamana ya zahanati na vituo vya afya. Kwa brusela kipo kipimo cha Rose Bengal, tone la majimaji ya damu na tone la dawa juu ya kigae, ambacho hutoa jibu ndani ya dakika chache na hakihitaji mashine kubwa. Maabara za mifugo zinakitumia. Sioni sababu ya mbuzi kuwa na kipimo ambacho mwenye mbuzi hana, angalau katika vituo vya afya vya kata zenye mifugo mingi, kwa makubaliano kwamba anayesoma chanya apelekwe hospitali kuthibitishwa. Kwa homa ya mgunda, homa ya Q na riketsia, vipimo vya haraka vya kuaminika ni tatizo kwa dunia nzima, nalijua hilo. Hata hivyo dawa inayotumika sana kwa magonjwa hayo, doksisaiklini, ni ya zamani na ya bei nafuu. Siombi igawiwe kama peremende. Haifai kupewa ovyo mjamzito wala mtoto mdogo, na tumeshaharibu dawa za kutosha kwa kuzitumia bila mpango. Ninachoomba ni kwamba mwongozo wa tiba anaoutazama tabibu wa zahanati, pale kipimo cha malaria kinaposoma hasi na mgonjwa ni mfugaji, mchinjaji, mkulima wa mpunga kule Lower Moshi au mzoa taka, umwelekeze la kufanya kwa kutumia matokeo yaliyopatikana katika mkoa huu. Na swali la yule daktari wa usiku, "Unafuga?", lipigwe chapa kwenye cheti cha mgonjwa wa nje, pale pale chini ya umri na jinsia. Wino wake hauzidi shilingi chache.

La tatu linahusu ofisi mbili ambazo, hapa kwetu, zimetenganishwa na barabara moja na hazitembeleani. Mbuzi alipotupa mimba, mama alimwambia mtaalamu wa mifugo wa kata, naye akaandika kwenye daftari lake. Mdogo wangu alipougua, tabibu naye akaandika kwenye daftari lake. Madaftari hayo mawili yangewekwa juu ya meza moja, hata kwa saa moja kila mwezi, jibu lingepatikana Machi badala ya Juni. Zinafanyika semina nyingi za afya moja ya binadamu, wanyama na mazingira, na nimeona mabango yake yakining'inia kwenye hoteli za Arusha. Ninapenda kuiona hiyo afya moja ikishuka hadi kwenye kata, ikiwa na chai ya kawaida tu. Huko ndiko chanjo ya brusela kwa mifugo jike wachanga inapoweza kupangwa, na ndiko mtu anapoweza kuonyeshwa namna ya kuzika kondo la nyuma na kuvaa glavu, au hata mfuko wa plastiki mzima, kabla ya kumsaidia mnyama kuzaa.

Najua ipo hofu kwamba habari hizi zikisambaa, maziwa ya Uru na Kibosho yatakosa wanunuzi. Ni hofu ya kweli, na kina mama wanaobeba ndoo za maziwa kwenda mjini alfajiri hawapaswi kulipia uzembe wetu. Lakini maziwa yaliyochemka hayana brusela, na mtu akiambiwa hivyo kwa Kiswahili cha wazi ataendelea kununua na atachemsha. Kinachoua biashara ni uvumi, na uvumi hustawi mahali ambapo wenye majibu wamenyamaza. Sisi Wachaga tunapenda maziwa mgando, na wengi tunaamini kwamba kuganda kunatosha. Hakutoshi, maziwa yachemshwe kwanza ndipo yagandishwe. Niliyasema haya kwenye msiba mwezi uliopita, mzee mmoja akaniuliza nimeyatoa wapi. Nilipomwambia kwamba yalitafitiwa hapo chini mjini, kwa watu wetu, alinitazama kama anayenihurumia.

Mama yangu ana miaka 78 sasa. Kadi yake yenye namba 41 bado ipo, ameibana ndani ya kitabu cha nyimbo. Mbuzi namba 42 alikufa, lakini wazao wake wapo bandani, na mdogo wangu siku hizi anawahudumia akiwa amevaa glavu za kuoshea vyombo, jambo ambalo mama analiona kama maringo. Simu ya mama ni ya kubonyeza, haina intaneti, kwa hiyo ripoti iliyowekwa mtandaoni haitamfikia. Atakayetumwa kuleta majibu afike kabla ya saa tatu asubuhi, kwa kuwa baada ya hapo huwa ameshakwenda kukata majani, na asisahau kuja na mtu wa kumsomea.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Uru, Moshi.